Fizikia ya kidato cha tano na sita ukiwa Tabora: soma kwa kalamu, pima mwenyewe, usipike data

Anayeripoti kidato cha tano mwezi Julai ana kama miezi 22 mpaka mtihani wa taifa wa kidato cha sita, unaofanyika Mei. Toa likizo, toa wiki za majaribio, toa na zile siku za mwanzo za kutafuta godoro na ndoo. Inabaki kama mwaka na nusu wa kumaliza pepa mbili za nadharia na moja ya praktiko. Muda huo unatosha kuisoma fizikia mara moja kwa kuielewa. Hautoshi kuikariri kwanza kwenye madesa (notsi za kunakili) halafu ukaanza upya kidato cha sita.

Mwongozo huu ni wa PCM (fizikia, kemia, hesabu), PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na PGM (fizikia, jiografia, hesabu) kwa pamoja. Mifano mingi ni ya Tabora, michache ya Kigoma, maana namba nyingi zilizomo vitabuni zilipimwa mahali pengine na utaona mbele jinsi zinavyowaponza watu maabara.

Hatua ya 1: Nyoosha hesabu kabla ya Julai

Wengi wanaokwama miezi mitatu ya kwanza hukwama kwenye hesabu, kisha lawama wanaitwisha fizikia. Kabla ya kuripoti hakikisha unaweza haya bila kufungua kitabu: kubadili mada ya fomula yenye mzizi na sehemu, kuzidisha na kugawanya namba zenye vipeo kama 1.6 × 10⁻¹⁹, logi za kizio 10 na za kizio e, kugawa vekta katika pande mbili zenye pembe mraba, radiani, na kalkulasi ya mwanzo, yaani kutafuta dy/dx ya xⁿ, sin x, cos x, eˣ na ln x, na kuzirudisha kwa intigro. Nusu saa kwa siku kwa wiki sita inatosha.

Wa PCB mna kazi ya ziada. Hesabu za BAM (Basic Applied Mathematics) zinaweza kufika kwenye kalkulasi baada ya mwalimu wa fizikia kuwa ameshaitumia, hivyo usisubiri ufundishwe.

Kalkuleta nayo ina mtego wake. Andika sin 30. Ikijibu 0.5 iko kwenye digrii, ikijibu −0.988 iko kwenye radiani. Maswali ya mitetemo yenye ωt yanataka radiani, ya mteremko na mishale ya kani yanataka digrii. Fanya jaribio hili kila unapokaa kufanya pepa, kwa sababu kalkuleta huazimwa, na aliyeazima hairudishi kama alivyoikuta.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno ambayo nyumbani ni neno moja

Kiswahili chetu cha kila siku kinamweka mwanafunzi wa fizikia kwenye mtego ambao vitabu havioni. Tunasema gari lina nguvu, mzigo umebebwa kwa nguvu, umeme leo una nguvu ndogo, betri imeisha nguvu. Kwenye fizikia hivyo ni vitu vinne: uwezo unaopimwa kwa wati, kani inayopimwa kwa newtoni, tofauti ya potenshali inayopimwa kwa volti, na nishati inayopimwa kwa jouli. Ukivichanganya kichwani utavichanganya kwenye karatasi, hata ukiandika Kiingereza kizuri.

Joto ni hivyo hivyo. Cheche ya mkaa inayokurukia mkononi ina jotoridi kubwa sana, lakini joto inalobeba ni dogo, ndiyo maana inauma kidogo na kupoa. Ndoo ya maji ya uvuguvugu ina jotoridi dogo na joto jingi. Uzito nao: gunia la mahindi la kilo 100 lina masi ya kilo 100; uzito wake kwa Tabora ni kama newtoni 978.

Tenga daftari dogo. Kila dhana mpya ipewe mistari minne: maana yake kwa Kiingereza kama itakavyotakiwa kwenye mtihani, uniti yake, kama ni skala au vekta, na sentensi moja ya Kiswahili ya kuieleza kwa mtu asiyesoma sayansi. Ukishindwa kuandika huo mstari wa nne, hiyo dhana bado hujaielewa.

Hatua ya 3: Namna ya kuipiga topiki moja

Tuchukue mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, kwa kuwa Tabora ni mkoa wa asali na asali ndiyo maabara ya bei nafuu ya topiki hii.

Anza na maana na uniti. Kizigeu cha mnato η kina uniti ya paskali sekunde, na vipimo vya msingi ML⁻¹T⁻¹. Usivikariri hivyo vipimo; vitoe kwenye fomula, kila mara, mpaka mkono uzoee.

Kisha funga kitabu uchukue karatasi tupu. Chora gololi inayozama kwenye kimiminika. Weka kani tatu: uzito kwenda chini, (4/3)πr³ρg, msukumo wa kimiminika kwenda juu, (4/3)πr³σg, na kani ya mnato kwenda juu, 6πηrv (kanuni ya Stokes). Hapa r ni nusu kipenyo cha gololi, v kasi yake, ρ densiti yake, na σ densiti ya kimiminika. Gololi inapofika kasi ya ukomo, jumla ya kani ni sifuri, kwa hiyo mchapuko ni sifuri:

v = 2r²(ρ − σ)g / 9η

Ukikwama, fungua kitabu uone mstari ule uliokukwamisha tu, funga, anza tena tangu mwanzo. Watu hupoteza alama hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni kusahau msukumo wa juu. La pili ni kuandika kwamba gololi "imesimama" kwa kuwa kani zimelingana. Haijasimama, inaendelea kwenda kwa kasi isiyobadilika.

Sasa masharti. Fomula inataka tufe gumu, kimiminika kipana kisichobanwa na kuta, na mtiririko mtulivu. Masharti haya mtihani huyauliza peke yake, na wanaokariri fomula tu huacha nafasi wazi.

Halafu namba. Gololi ya beringi yenye kipenyo cha mm 6 (chuma, kg 7,800 kwa mita ya ujazo) inapita sm 10 za asali (kg 1,400) kwa sekunde 4.0. Kasi ni 0.025 m/s, r ni 3 × 10⁻³ m. Ukiweka g ya 9.8 unapata η ≈ 5.0 Pa s. Ukiweka kipenyo badala ya nusu kipenyo unapata 20, mara nne ya jibu, na hakuna kitakachokuambia umekosea isipokuwa mazoea ya kuangalia kila herufi inasimamia nini.

Jaribu gololi hiyo hiyo kwenye maji, η ikiwa 0.001. Fomula inakupa mita 133 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna treni ya Reli ya Kati imewahi kuiota. Jibu la kipuuzi namna hii lina faida: linakuambia sharti la mtiririko mtulivu limevunjika, na Stokes hatumiki tena. Mwanafunzi aliyewahi kukutana na hiyo 133 hasahau masharti.

Mwisho, lifanye mwenyewe likizo. Chukua chombo kirefu cha kioo chenye upana angalau mara kumi ya gololi. Funga mipira miwili ya raba kwa nje, wa juu ukiwa sm 5 au zaidi chini ya uso wa asali ili gololi iwe imeshafikia kasi ya ukomo. Acha asali itulie mpaka viputo viishe. Dondosha katikati, ikipita karibu na ukuta inachelewa na η inatoka kubwa kuliko ilivyo. Andika jotoridi la asali, kwa sababu ya saa nane mchana na ya saa kumi na mbili asubuhi ni kama vimiminika viwili tofauti. Asali iliyochakachuliwa kwa maji itakupa η ndogo mno. Hapo umepata fizikia na umemjua muuzaji. Kigoma usitumie mawese: asubuhi ya baridi huganda nusu, na hata yakiyeyuka wekundu wake unaficha gololi. Asali ya Kibondo itafaa.

Kila topiki ipitishwe njia hiyo: maana, kuthibitisha fomula kwenye karatasi tupu, masharti, namba, na ikiwezekana kitu cha kushika. Ukienda hivyo huhitaji madesa manene. Desa ni zuri kwa kujikumbusha ulichokwisha kukitoa mwenyewe.

Hatua ya 4: Jua namba za mahali ulipo

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa ni kama kilopaskali 88, sawa na milimita 660 hivi za zebaki, wala si 760. Maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kigoma, pale ufukweni, ni mita 770 hivi, presha kama kilopaskali 92, na maji huchemka kwenye 97 na kidogo. Ndiyo maana maharage Tabora yanadai kuni zaidi kuliko Dar es Salaam.

Tazama linavyoingia maabara. Unatafuta joto mahususi la chuma. Umekichemsha kipande kwenye maji, umekihamishia kwenye kalorimita, mchanganyiko umetulia kwenye nyuzi 30. Mwenye kuamini kitabu anaandika kwamba chuma kilianzia 100, hivyo kimeshuka nyuzi 70. Kweli kilianzia 96, kimeshuka 66. Kosa la asilimia 6 limeingia kabla hujagusa kalkuleta. Dawa ni kusoma kipimajoto kwenye maji yanayochemka na kuandika ulichokiona. Kikisoma 96 hakijaharibika.

Mchapuko wa mvutano wa dunia nao kwa Tabora ni kama 9.78, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu kidogo. Kwenye maswali tumia thamani uliyopewa. Kwenye praktiko, ukipata 9.7 au 9.8 usijisukume kwenda 9.81.

Kwa wa Kigoma kuna swali zuri la kujipima: kiputo kinapanda kutoka mita 90 chini ya uso wa Ziwa Tanganyika, jotoridi tuseme halibadiliki. Ujazo wake unakua mara ngapi? Presha ya maji ni 1,000 × 9.8 × 90 = kilopaskali 882. Ukiongeza hewa ya Kigoma, 92, unapata 974. Gawa kwa 92, jibu ni mara 10.6. Ukitumia hewa ya pwani, 101, unapata 9.7. Wengi husahau kuongeza hewa kabisa na kupata 9.6.

Hatua ya 5: Praktiko, tangu muhula wa kwanza

Hapa ndipo alama za uhakika zilipo na ndipo zinapochezewa. Shule nyingi huisukuma praktiko mpaka kidato cha sita. Usikubaliane na hilo. Mzoee fundi maabara, jitolee kupanga na kusafisha vifaa, na omba saa moja kwa wiki mkiwa watatu: mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anakagua. Mbadilishane. Maswali huja kwa mafungu matatu: mekanika, joto, umeme.

*Mekanika.* Pendulamu inaonekana ya kitoto lakini inafundisha makosa ya vipimo kuliko sura nzima ya kitabu. Urefu sm 80.0, kosa ± 0.1. Mizunguko 20 kwa sekunde 35.9, kosa ± 0.2, ambalo ni la kidole chako kwenye saa. Muda wa mzunguko mmoja ni T = 1.795, na g = 4π²l/T² = 9.80. Kosa la urefu ni 0.1/80, kama asilimia 0.13. La muda ni 0.2/35.9, asilimia 0.56, lakini T ina kipeo cha pili hivyo linakuwa 1.1. Jumla kama 1.2. Jibu: 9.8 ± 0.1. Ungehesabu mizunguko 5 tu, kosa la kidole lingekuwa lile lile 0.2 ndani ya sekunde 9, na jibu lako lingekuwa na shaka ya karibu 0.5. Ndiyo sababu ya kuhesabu 20. Mwalimu hakusudii kukuchosha.

Anza kuhesabu kwa "sifuri" kitufe, yaani kigololi kinachoning'inia, kinapopita katikati. Ukianza kwa "moja" umehesabu mizunguko 19. Soma muda kitufe kinapopita katikati, ambako kina kasi kubwa, siyo mwishoni ambako kinasitasita. Pembe iwe chini ya digrii 10: hapo kosa la fomula ni kama asilimia 0.2, ila ukivuta mpaka 30 linafika 1.7. Urefu unapimwa mpaka kitovu cha kitufe.

*Joto.* Swali la kupoa huja mara nyingi. Maji ya moto, tuseme nyuzi 80, ndani ya kalorimita, unasoma kila dakika moja kwa dakika 20 au 30, kisha unachora logi ya (θ − θ₀), yaani jotoridi la maji toa la chumba, dhidi ya muda ili upate mstari mnyoofu. Julai na Agosti upepo Tabora ni mkavu na unapita dirishani moja kwa moja. Ukivuma kwa vipindi, nukta zinapanda na kushuka bila mpangilio. Funga dirisha, au elekeza upepo usiobadilika wa feni kama ipo na umeme upo. Kanuni ya Newton ya kupoa inakubali vizuri zaidi kwenye upepo wa kudumu. Kwenye hewa tuli inafaa tofauti ya jotoridi ikiwa ndogo, kama nyuzi 30 kushuka chini. Juu ya hapo mstari hupinda kidogo, na huo mpindo ni wa kweli, usiunyooshe kwa kalamu. Koroga kabla ya kila usomaji. Balbu ya kipimajoto isiguse kitako. Pima jotoridi la chumba mwanzo na mwisho, na mbali na jiko lako.

*Umeme.* Kosa ghali kuliko yote liko kwenye maikromita. Waya unasoma mm 0.38, maikromita ikiwa imefungwa tupu inasoma +0.02. Kipenyo halisi ni 0.36. Kwa kuwa ukinzani mahususi unatumia d², kutoondoa hiyo 0.02 kunakupa jibu lililozidi kwa asilimia 11. Pima sehemu tatu za waya, kila sehemu pande mbili zenye pembe mraba, chukua wastani, toa kosa la sifuri.

Daraja la mita (saketi ya kupima ukinzani kwa waya wa mita moja): chagua ukinzani unaolinganisha ili nukta ya mizani iangukie kati ya sm 30 na 70. Ikiangukia sm 8, kosa la milimita moja linakuwa kubwa mno, na ukinzani wa viungo vya mwisho nao unajitokeza. Badilisha nafasi za rezista mbili, rudia, chukua wastani. Gusa waya kwa jokei (kigusio chake), usiikokote. Waya uliochubuka haufanani unene tena na wenzako watalipia. Fungua swichi baada ya kila usomaji, la sivyo waya unapata moto na ukinzani unabadilika.

Potenshiomita (saketi ya kulinganisha volti za seli kwa waya mrefu) ikikataa mizani, yaani mshale wa galvanomita unalala upande ule ule mwanzo wa waya mpaka mwisho, usiandike data za kubuni. Kagua kwa mpangilio huu: je, ncha chanya za seli zote mbili zimefungwa mwisho mmoja wa waya? Je, seli inayoendesha waya ina volti kubwa kuliko inayopimwa? Betri za tochi zilizochoka ndizo mshukiwa wa kwanza. Je, kuna kiungo kilicholegea kwenye saketi ya kuendesha? Mambo haya matatu yanamaliza karibu matatizo yote.

Sasa kupika data. Kila shule wapo wanaosoma vipimo viwili na kutengeneza sita vilivyobaki kwa kalkuleta. Tuache maadili kwanza, tuangalie alama. Maswali mengi ya kidato cha sita hutafuta kitu kilichofichwa kwenye mkato wa mstari. Kwa springi, T² dhidi ya masi haupiti sifuri, kwa kuwa springi yenyewe ina masi. Theluthi ya masi hiyo ndiyo inayosomeka pale mstari unapokata mhimili wa masi upande hasi. Kwa seli, 1/I dhidi ya R (I ni mkondo, R ukinzani wa nje) ina mteremko wa 1/E na mkato wa r/E, ambapo E ni volti za seli na r ni ukinzani wake wa ndani, na r ndiyo inayotakiwa. Mpishi wa data hupitisha mstari kwenye sifuri kwa sababu ndivyo alivyoona kidato cha nne. Akishafanya hivyo, jibu limepotea na hana namna ya kulipata.

Hatua ya 6: Grafu

Skeli iwe 1, 2 au 5 kwa kila sentimita, au vizidishe vyake vya kumi. Skeli ya 3 au 7 inakupotezea dakika kumi na kukukosesha nukta. Nukta zienee zaidi ya nusu ya karatasi kwa pande zote mbili, isipokuwa mkato ukihitajika na sifuri iko mbali. Weka alama ndogo ya x kwa penseli kali. Mstari ugawe nukta sawa juu na chini, usiziunge moja moja. Nukta moja ikiwa mbali na zote, rudi uipime tena kabla vifaa havijaondolewa. Ikibaki pale pale, iache wazi na usiipitishie mstari.

Mteremko: chagua nukta mbili kwenye mstari, mbali kadiri iwezekanavyo, na zisiwe za jedwali. Chora pembetatu ionekane. Andika uniti. Kichwa, majina ya mihimili na uniti zake viandikwe mwanzo kabisa; ukiviacha mwisho muda ukiisha vimekwenda.

Jedwali liwe na tarakimu zinazolingana na kifaa. Rula ya milimita inatoa sm 40.0, siyo 40 wala 40.00.

Hatua ya 7: Maswali ya "eleza kwa nini"

Yanaonekana rahisi, na PCB huyapenda, lakini hukatwa alama kimya kimya. Jibu ni mnyororo. Kwa mfano: kwa nini mtungi wa udongo unapoza maji, na kwa nini unapoza zaidi Tabora mwezi wa nane kuliko wa tatu? "Kwa sababu una vitundu" ni pete moja tu. Pete zote ni hizi: maji yanapenya vitundu na kufika nje, yanageuka mvuke, molekuli zenye nishati kubwa ndizo zinazoondoka, na joto fiche linachukuliwa kutoka kwenye maji yaliyobaki, jotoridi linashuka, mwezi wa nane hewa ni kavu, mvuke unaondoka haraka, hivyo joto linachukuliwa kwa kasi zaidi. Andika kanuni, kisha kinachotokea, kisha matokeo. Mistari minne au mitano inatosha.

Hatua ya 8: Saa zako na pepa za nyuma

Nje ya kipindi, saa saba kwa wiki: mbili za kuthibitisha fomula kwenye karatasi tupu, tatu za maswali ya namba, moja ya praktiko au kuchambua data, moja ya kurudia topiki ya mwezi uliopita. Prepo ya usiku ifae maswali, maana ukisoma kwa macho tu saa tatu usiku unalala na kitabu. Umeme ukikatika, kaeni wawili, mmoja aeleze uthibitisho kwa mdomo na mwingine amkatize kila anaporuka hatua.

Pepa za miaka ya nyuma anza nazo topiki ikiisha, swali kwa swali. Pepa nzima ya saa tatu, kwa saa mezani, anza muhula wa kwanza wa kidato cha sita, moja kila wiki mbili. Ukisahihisha, panga makosa kwa aina: sikujua, nilijua ila uniti, nilijua ila kalkuleta, sikumaliza. Kwa wengi wenye bidii fungu la kwanza ndilo dogo. Elektroniki na fizikia ya mazingira usiziache. Elektroniki ina hesabu nyepesi kuliko mekanika kwa alama zile zile, na ya mazingira ni kusoma kwa makini tu.

Siku ya praktiko

Ingia na penseli mbili zilizochongwa, rula ya sm 30 isiyo na kingo zilizoliwa, kifutio na kalkuleta uliyoijaribu kwa sin 30. Soma swali lote kabla ya kugusa kifaa. Chora jedwali lenye vichwa na uniti likiwa tupu. Kagua sifuri ya kila kifaa, na usipokuta kosa andika kuwa ni 0.00. Fanya usomaji mmoja wa kwanza na mmoja wa mwisho wa masafa uliyopewa uone kama vyote viwili vinapimika. Kama cha mwisho hakipimiki, saketi au springi ina tatizo na mwambie msimamizi sasa hivi, siyo baada ya saa moja. Kisha pima vya katikati. Kwenye umeme, fungua swichi unapoandika.